Bibi Mwenye Macho Mekundu: Makosa Tuliyofanya Tukijaribu Kuigeuza Filamu ya Uchawi

Katika kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, nilichokulia pale Kahama, sheria ilikuwa moja na kila mtoto aliijua: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Unaweza kuingia picha imeshafika katikati, hujui jina la mtu hata mmoja, ukamuuliza mwenzako kwenye benchi, "Steringi yupi?" Akishakuonyesha, roho inatulia. Apigwe risasi, atupwe mtoni, nyumba imwangukie, atarudi tu. Sauti ya Lufufu, aliyekuwa akitutafsiria filamu za nje, ilikuwa ikitupa uhakika huo mapema. Filamu za uchawi za hapa kwetu nazo zilikuwa na sheria yake, na hiyo hatukuhitaji kutafsiriwa: bibi kizee mwenye macho mekundu ndiye mchawi.

Sheria hiyo ya pili mimi niliijua kwa njia nyingine pia. Bibi yangu mzaa mama ana macho mekundu. Maisha yake yote amepikia kuni, na kiangazi kuni zikiadimika anapikia mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Usukumani wako wanawake wazee waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho kama hayo. Ni jambo linalojulikana, limeandikwa na kulaaniwa miaka mingi katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake. Nilipokuwa darasa la tano, ndama wa jirani yake bibi alikufa, wiki hiyohiyo mtoto akaugua, maneno yakaanza. Mjomba hakungoja. Alikwenda kijijini jioni na gari la kukodi, akarudi alfajiri na bibi, godoro lake na kuku wanne. Tangu siku hiyo bibi anaishi nasi mjini.

Kwa hiyo miaka mingi baadaye, nikiwa mwaka wa mwisho wa diploma ya filamu Dar es Salaam, mwalimu alipotupa kazi ya kuhitimu, sikuhangaika kutafuta wazo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: chagueni aina moja ya filamu ambayo watazamaji wetu wanaijua kama kiganja cha mkono, mfuate mazoea yake, halafu myageuze. Dakika zisizozidi 15. Nikasema nitafanya filamu ya uchawi ambayo bibi si mchawi. Nilidhani hapo nimemaliza. Kumbe nilikuwa na miezi saba ya makosa mbele yangu, na nayaandika hapa kwa ajili ya wanafunzi watakaopewa kazi kama hii, kwa sababu mengi kati ya hayo yangeweza kuepukika na moja lingeweza kuua mtu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kwenye karatasi. Muswada wangu wa kwanza uligeuza kila kitu. Mganga alikuwa msichana mwenye miwani, bundi alilia mchana, ungo ulitumika kupepetea mchele tu, na bibi alitokea sini ya kwanza akicheka na wajukuu. Nilijiona mjanja sana. Mwalimu aliusoma mbele yangu, akauweka mezani, akaniuliza, "Mtazamaji ataanza kumwogopa huyu bibi dakika ya ngapi?" Nikamjibu kwamba hatamwogopa, ndiyo maana yake. Akasema, "Sasa utamgeuza kutoka wapi?"

Nilirudi hosteli nimenuna. Siku ya pili ndipo nilipomwelewa. Nilikuwa nimekataa kutengeneza filamu ya uchawi, nikajiita nimeigeuza. Mtu aliyelelewa na filamu zetu anapoingia kutazama, anakuja na mkataba kichwani. Mvunjie mkataba kabla hajauona umesainiwa, na ataondoka akisema hawa watoto hawajui kutengeneza filamu ya kutisha.

Mwalimu huyo ndiye aliyetuonyesha filamu ya mwongozaji wa Kimarekani George Romero ya mwaka 1968, Night of the Living Dead, na mimi niliitazama kwa macho ya Kahama. Steringi wake, mtu mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, anapambana usiku kucha na maiti wanaotembea. Anafuata kila sheria ya steringi: ndiye mwenye akili, ndiye mwenye moyo, wote wanakufa yeye anabaki. Kunapambazuka. Wanakuja raia wenye bunduki wanaosafisha eneo, wanamwona dirishani kwa mbali, wanadhani naye ni maiti, wanampiga risasi ya kichwa. Darasa zima lilikaa kimya. Yale maumivu yanatokana na dakika zaidi ya 90 za kuifuata sheria kwa uaminifu kabla ya kuivunja. Na nilijua mara moja kwamba filamu yangu imo humo: watu wema, wana silaha, wameona kwa mbali, wana hakika.

Basi nikaanza upya kwa heshima. Nilinunua daftari, nikatazama filamu za uchawi za Kibongo ishirini, kuanzia za mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za Nsyuka ya Mussa Banzi, hadi za karibuni zinazotoka vipandevipande mtandaoni. Kila mara moyo uliponidunda nilisimamisha nikaandika kilichonitisha. Ukipewa kazi kama hii, fanya hivi, usitegemee kumbukumbu. Kumbukumbu ilinipa ungo, paka mweusi na kaniki. Daftari lilinipa vitu ambavyo sikuwahi kuvitambua: kwamba bibi wa filamu hizi karibu kila mara anaonekana kwanza akiwa amesimama, amekutazama, hasemi. Kwamba mgeni kutoka mjini hali chakula chake. Kwamba taa huwekwa chini ya kidevu chake. Kwamba kinanda kinapigwa kabla hajafanya lolote, yaani muziki ndio unaomhukumu, yeye bado hajanyanyua hata mkono. Na kwamba mwishoni anafika mchungaji au shehe, au umati, na kinachompata bibi hakionyeshwi kama msiba. Ni nafuu.

Hilo la mwisho lilinikosesha usingizi. Nilitambua kwamba nikiwa mtoto, kwenye benchi la kibanda, niliwahi kushangilia.

Hadithi mpya ikawa nyepesi. Kijana wa mjini anakwenda kijijini kumuuguza baba yake. Nyumba ya pili anaishi bibi. Kila ishara ya kwenye daftari inamwelekea bibi, na ninazitumia zote bila aibu: taa ya chini, kinanda, kuku aliyekufa mlangoni, ndoto ya mchawi aliyepakwa unga. Kijana anaanza kuogopa, anamsimulia mtu mmoja, yule anamsimulia mwingine. Umati unakuja. Ndipo filamu ya kutisha inapohama kutoka kwa bibi kwenda kwa wale wanaokuja.

Tulipata kijiji Kisarawe, kwa sababu nauli kutoka Dar ni ndogo na mpiga picha wetu alikuwa na ndugu pale. Nilitaka bibi wa filamu awe mwanakijiji halisi. Tulimpata, mama mtu mzima mwenye uso ambao kamera ingeupenda. Tulikwenda na sukari na majani ya chai, tukamwamkia, tukakaa mkekani, nikamweleza hadithi yote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mkimaliza mtaondoka na gari lenu. Mimi nitabaki hapa na sura hii. Watoto watakaoiona hiyo picha kwenye simu zao wataona mwisho wake, au wataona mwanzo tu?"

Sikuwa na jibu. Mimi, mjukuu wa mtu aliyehamishwa usiku, nilikuwa nimekwenda kumwomba mwanamke mwingine avae alama ileile mbele ya majirani zake. Klipu ya sekunde 30 ikikatwa na kurushwa WhatsApp, inabaki sehemu ya kutisha tu. Ile ya kugeuza hairushwi na mtu. Tulimshukuru, tukamwachia sukari yake, tukarudi Dar kutafuta mwigizaji. Tulimpata mama wa miaka 60 na kitu, mzoefu wa jukwaani, anayeishi mbali na Kisarawe na ambaye watu wa mtaani kwake wanajua kazi yake ni kuigiza. Kama filamu yako inamvalisha mtu alama inayoua watu katika nchi unayoishi, mpe mtu anayeweza kuivua.

Sasa niseme fedha, kwa sababu hakuna aliyetuambia ukweli kuhusu fedha. Tulipanga shilingi 900,000, tulichanga watu sita. Tulitumia 1,460,000. Kamera na lenzi mbili tulikodi 80,000 kwa siku, siku nne, hiyo 320,000. Taa na jenereta dogo 200,000. Gari aina ya Noah la kwenda na kurudi 240,000. Chakula cha watu tisa kwa siku nne 360,000, na hapa ndipo tulipopiga hesabu mbovu kuliko kote, maana tuliandika milo miwili kana kwamba watu wanaokesha hawali usiku. Mwigizaji wetu mkuu 150,000, fedha ndogo kwa kazi aliyofanya na alijua hivyo. Wenye nyumba tuliyotumia 60,000. Mgambo 40,000. Na 90,000 ya siku ya ziada, ambayo nitaieleza. Pengo la 560,000 tulilijaza kwa mkopo wa dada yangu, nilioumaliza kulipa miezi mitano baada ya kuhitimu. Ukipanga bajeti, andika chakula kwanza kabla hujafikiria lenzi.

Siku ya kwanza tulianza na moshi. Nilitaka picha moja ambayo ingekuwa moyo wa filamu: bibi jikoni peke yake, anapuliza moto, moshi unamjaa, anajifuta macho kwa ncha ya kanga, na macho yanakuwa mekundu mbele yetu, bila kukata. Nilikataa kupaka rangi. Nilisema nataka ukweli. Kuni zilikuwa mbichi, jiko dogo, na tulirudia mara saba, mara kwa sababu ya fokasi, mara kwa sababu ya jogoo, mara kwa sababu yangu mimi nisiyeridhika. Mama yule hakulalamika. Mara ya saba alipotoka nje hakuweza kufungua macho. Tulimwagia maji, akakaa chini ya mwembe karibu saa nzima akitokwa machozi, akikohoa, na mimi nimesimama pembeni sijui niseme nini. Nilimwomba radhi. Akanipigapiga mkononi, akasema, "Mama yangu alikaa humo miaka hamsini, mwanangu."

Picha tuliyotumia ni ya mara ya pili. Zile tano za baadaye sikuzitumia hata fremu moja. Nimeandika hili kwa uchungu: nilikuwa natengeneza filamu ya kulaani kile moshi unachowafanyia wanawake wazee, na nilimweka mwanamke mzee kwenye moshi kwa ajili ya filamu hiyo. Mashine ya moshi inakodishwa. Rangi ya kope inauzwa. Na kama hamna fedha ya hivyo, kuna mwongozaji wa kusema imetosha mara ya pili.

Usiku wa pili ndio nilioutaja mwanzoni kwamba ungeweza kuua mtu.

Tulikuwa tunapiga ile ndoto. Kijana mmoja wa darasa letu alipakwa unga wa muhogo mwili mzima, akavaa kaniki nyeusi kiunoni, akashika ungo. Tulikuwa kwenye shamba la mikorosho nje kidogo ya kijiji, saa tano usiku. Barua ya chuo tulikuwa nayo. Mwenyekiti wa kijiji tulikuwa tumemwona mchana, tukamwambia tunapiga filamu, akatukaribisha vizuri. Tusichomwambia ni kwamba usiku kutakuwa na mchawi. Na kitongoji cha upande wa pili wa shamba hatukukijulisha kabisa, kwa sababu kwenye ramani ya vichwa vyetu hakikuwepo.

Ili kuokoa mafuta ya jenereta tulizima taa kati ya shoti na shoti. Yule kijana akajitenga kwenda kujisaidia. Bodaboda ikapita njia ya shambani, ikammulika, ikasimama sekunde moja, ikaondoka kwa kasi. Hatukuitilia maanani. Kama dakika ishirini baadaye, dada aliyekuwa anarekodi sauti, ambaye masikio yake yalikuwa ndani ya hedifoni, aliinua mkono kutunyamazisha. Alikuwa anasikia majani makavu.

Walikuwa watu kama thelathini. Marungu, tochi za simu, mapanga mawili niliyoyaona. Katika filamu umati unapiga kelele, unaita mchawi, mchawi. Hawa hawakusema kitu. Walikuja wakitembea, kwa mpangilio, kama watu wanaokwenda shambani asubuhi. Mwenzetu mpakwa unga alikuwa mita hamsini kutoka kwetu, katikati yetu na wao.

Mwenyeji wetu, yule ndugu wa mpiga picha, ndiye aliyefanya jambo la akili. Aliwasha taa zote kwa pamoja na kuanza kuwaita kwa majina. Si kuwaeleza, kuwaita tu: fulani, baba fulani, mjomba. Mtu aliyeitwa jina lake hupunguza mwendo. Mimi nilikimbia na kumfunika yule kijana kwa khanga na jaketi. Mwenyekiti aliletwa kwa pikipiki. Ilichukua zaidi ya saa moja, na mwisho tulikaa wote chini, tukawaonyesha shoti kwenye kioo cha kamera. Baadhi walicheka. Mzee mmoja hakucheka. Alisema wiki tatu zilizopita kuna mtoto alipotea, na kama kijana wetu angekimbia badala ya kusimama, asingefika barabarani.

Basi sikilizeni. Usiku wowote mnapomvalisha mtu mavazi ya mchawi, jambazi, askari au maiti, wajulisheni viongozi wa vitongoji vyote vinavyopakana, na waambieni hasa kitakachoonekana, msiseme tu "filamu." Ombeni mgambo akae nanyi tangu mwanzo na mumlipe, zile 40,000 tulizitoa siku iliyofuata, zikiwa zimechelewa. Taa zisizimwe zote. Aliyevaa asiachwe peke yake hata dakika moja, awe na koti la kujifunika baada ya kila shoti. Nakala ya barua iwe mfukoni mwa kila mmoja. Na kama kazi yenu inakwenda kuonyeshwa hadharani, kumbukeni ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na Bodi ya Filamu. Ulizeni mambo ya vibali wakati mnaandika muswada, msingoje mpaka mmefika lokesheni.

Tulilala Kisarawe usiku ule bila kulala. Asubuhi dada wa sauti akatuambia kinasa sauti kilikuwa kinaendelea muda wote. Alikuwa na zile nyayo: majani makavu ya mikorosho, watu thelathini, hakuna anayesema. Tulizisikiliza mara moja. Tulikubaliana kutozitumia, kwa sababu wale ni watu halisi waliodhani wanalinda watoto wao, na sisi ndio tuliowatisha. Lakini sini ya umati tuliifuta yote tukaiandika upya. Kwenye muswada walikuwa wanapayuka. Kwenye filamu wanatembea kimya. Sauti tuliitengeneza wenyewe, watu tisa tukizunguka juu ya majani makavu mchana kutwa mbele ya maiki. Kila aliyeona filamu ametaja kimya kile kuliko kitu kingine chochote.

Ile siku ya ziada, 90,000. Kadi mbili za kamera zilifanana. Mmoja wetu alifomati iliyojaa akidhani ni iliyo tupu, tukapoteza sini nzima ya kijana na baba yake mgonjwa. Tangu hapo tunafunga utepe mwekundu kwenye kadi iliyotumika, na haifutwi mpaka nakala mbili ziwe kwenye diski mbili zilizo kwenye mabegi mawili tofauti. Sina zaidi la kusema hapo.

Uhariri ulichukua wiki sita, kwa programu ya kuhariria ya DaVinci Resolve, ile ya bure, kwenye kompyuta moja ya darasa tuliyogombania na makundi mengine manne. Nilipomaliza toleo la kwanza nilikuwa na hakika nimeshinda. Tuliazima projekta, tukatundika shuka uani kwa shangazi yangu Mbagala, tukawaita wapangaji wote wa nyumba ile na majirani, kama watu 25 pamoja na watoto. Nilikaa nyuma.

Kutisha kulifanya kazi. Walimwogopa bibi tangu shoti yake ya kwanza. Watoto walijificha. Mama mmoja aliliambia shuka, "Usile chakula chake, mjinga wewe!" na mimi nikafurahi. Kisha umati ukaanza kutembea gizani, kimya, kuelekea kwenye nyumba ya bibi. Na ua mzima ukashangilia. Walipiga makofi. Kijana mmoja alisimama. Filamu ilipoonyesha asubuhi, kanga ya bibi chini na jiko lake bado linafuka, wakawa wanainuka tayari, wanaongea mambo mengine.

Nilikwenda chooni nikalia. Nilikuwa nimetengeneza, kwa fedha ya dada yangu na macho ya yule mama, filamu nyingine ya kuua bibi.

Kosa halikuwa kwenye uigizaji wala kwenye sauti. Picha ya moshi, ile iliyotugharimu kiasi kile, nilikuwa nimeiweka mwishoni kabisa, baada ya umati, kama ufunuo. Nilitaka mtazamaji aseme lo, kumbe! Lakini mtu aliyeshapiga makofi hataki kuambiwa kumbe. Kuambiwa hivyo ni kuambiwa kwamba naye ana damu mkononi, na njia rahisi ni kuinuka na kuondoka.

Tulikuwa tumefundishwa jambo hili mwaka wa kwanza nami nikalijibu vizuri kwenye mtihani. Lev Kuleshov, mwongozaji Mrusi, kama miaka mia iliyopita, alichukua uso wa mwigizaji mmoja, uleule, akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza. Watazamaji wakasifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, kisha huzuni. Uso haukubadilika, kilichobadilika ni jirani yake. Mimi nilikuwa na uso wa bibi akitazama kamera, macho mekundu, kimya. Niliuunganisha na kuku aliyekufa, watu wakaona uchawi. Uso huohuo ukifuata moshi, wangeona mwanamke aliyechoka.

Kwa hiyo niliuhamisha moshi. Nilijaribu kuuweka mwanzoni, hofu ikafa yote, tukarudi kwenye muswada wa kwanza. Nilijaribu katikati, ikawa somo. Mwisho niliuweka mahali pamoja tu: umati umeshaanza kutembea, hatua ziko masikioni, mtazamaji ameshajiandaa kushangilia, ndipo tunakata kwenda ndani. Bibi anapuliza moto. Sekunde 41, bila muziki, bila taa ya chini ya kidevu, mwanga wa moto tu. Anajifuta macho. Sauti ya majani nje inakaribia na yeye hajaisikia bado. Kisha uso uleule, ile shoti ileile tuliyoitumia dakika ya pili kutisha watu, anainua macho kutazama mlangoni.

Tulirudi uani kwa shangazi wiki mbili baadaye, tukaomba waje watu ambao hawakuja mara ya kwanza. Walimwogopa bibi kama wale wa mwanzo. Umati ulipoanza kutembea, makofi yalianza upande wa vijana. Moshi ulipotokea yakapungua, halafu yakakatika. Hakuna aliyesema kitu hadi shuka likawa jeupe. Mzee mmoja mpangaji aliniuliza kama bibi yule ana watoto wa kumlinda. Kijana mwingine alisema hakuipenda filamu, imemchezea, na alikuwa amekasirika kweli. Nilimpa soda tukaongea hadi saa sita. Alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu nilimwongoza kwa makusudi mpaka pale.

Kama utachukua jambo moja la kiufundi kutoka kwangu, chukua hili la kuonyesha toleo la kwanza kwa watu ambao hawana wajibu wa kuwa wema kwako. Wanafunzi wenzangu waliisifu ile ya kwanza. Walijua nia yangu. Wapangaji wa Mbagala walitazama filamu iliyokuwepo kwenye shuka.

Jopo la chuo lilitupa alama nzuri na kutukosoa mwanga wa sini za mchana, kwa haki kabisa. Nikasafiri Kahama na filamu kwenye kompyuta ya kuazima. Nilihofia kumwonyesha bibi, mama naye alihofia zaidi, lakini bibi mwenyewe alisema kama nimetengeneza picha ya watu wenye macho kama yake basi aitazame. Tuliketi sebuleni, yeye kwenye kiti chake, mimi chini. Sehemu za kutisha hazikumshughulisha. Umati ulipoanza kutembea alinishika bega na hakuliachia.

Ilipokwisha alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniomba nirudishe pale jikoni. Nikarudisha. Akatazama zile sekunde 41 tena, akasogea karibu na kioo.

"Huyu mama, macho yamepona?"

Nikamwambia nadhani yamepona. Akaniuliza nadhani kwa nini, sikumuuliza? Nikagundua kwamba tangu tuachane naye pale stendi, miezi minne na zaidi, nilikuwa sijampigia yule mama hata mara moja. Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, bibi alikaa pembeni yangu mpaka simu ikapokelewa.